Wiki Sita za Kuishi Kama Mama

Jumapili, saa tisa alasiri. Kambi Muru.

Manyunyu tangu asubuhi, yale ya Julai ambayo hayamloweshi mtu sawasawa lakini hayaachi nguo zikauke. Nimezianika ndani, kamba imepita juu ya kitanda, na sweta yangu inadondosha matone kando ya mguu ninapoandika.

Nimetulia. Nalisema mapema kwa sababu Ijumaa sikuwa nimetulia hata kidogo, na kama ningeandika siku hiyo, ukurasa huu ungejaa matusi.

Kwa anayefika hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule kwenye kibanda kule Kongo, Kawangware, na nyumba yangu iko huku Kibera. Binti yangu Faith yuko shule ya bweni, baba yake anafanya kazi Naivasha na huja mwisho wa mwezi. Siku nyingi nyumbani ni mimi na redio.

Mwanzoni mwa Juni wahudumu wa afya walikuja kanisani kwetu, karibu na Nyayo Highrise, kupima watu presha baada ya ibada. Nilipanga foleni ili kumsindikiza jirani aliyekuwa akiogopa. Jirani alikutwa mzima kabisa. Mimi nilipimwa mara mbili, kisha mara ya tatu, kwa kuwa yule dada aliyenipima hakuamini mashine yake. Mia moja sitini na nne kwa mia moja.

Zahanati ya karibu na kazini, nilikoenda baadaye siku mbili tofauti, waliona yaleyale. Daktari wa pale, kijana mwenye sauti ya chini, akaniambia nianze dawa.

Nilimwomba wiki sita. Nikamwambia mimi ni fundi. Nguo ikichanika siitupi, natafuta kwanza mshono ulioachia. Alinitazama, akafikiri, akasema sawa, kwa masharti: nirudi kupimwa kila wiki, na kichwa kikiniuma vibaya au macho yakiona ukungu nisingoje hata saa moja.

Sikurudi hata wiki moja.

Sababu ni dada yangu mkubwa, Atieno. Presha yake iligunduliwa akiwa na umri nilio nao leo, miaka arobaini na miwili. Akapewa vidonge, akavimeza miezi kadhaa, akajisikia vizuri, akaviacha. Mwaka uliofuata alianguka sokoni akipanga nyanya zake na hakuinuka tena. Ninajua kwamba aliviacha. Pakiti niliikuta mimi mwenyewe juu ya kabati, imejaa vumbi, siku tulipokusanya nguo zake. Lakini akili ikijua jambo, moyo unaweza kukataa kabisa kulisikia. Mimi nikiona pakiti ya vidonge vya presha, naona jeneza la dada yangu.

Na kuna kitu kingine, ambacho sijawahi kukiandika mahali popote. Kwenye matanga ya Atieno nilisimama mbele ya Mama na waombolezaji wote, nikapiga kelele kwamba dawa ndizo zilizomuua, na kwamba mtu yeyote wa kwetu atakayemeza tena kidonge cha presha asiniite ndugu yake. Watu walinishika wakanikalisha chini. Ni miaka mitano sasa na bado naona haya.

Basi nilipopewa zile wiki sita, nilijua la kufanya. Mama yangu ana miaka sabini na miwili. Yuko nyumbani, upande wa Bondo, analima, anaenda sokoni kwa miguu na kurudi, na akicheka unamsikia ukiwa barabarani. Nikajiambia, huyu hajawahi kumeza kidonge maishani mwake. Nitaishi kama yeye, hatua kwa hatua, nione kama presha itashuka.

Nilichukua daftari la vipimo, lile ninaloandika viuno na mabega ya watoto wa watu, nikaligeuza, nikaanzia nyuma. Kila wiki tabia moja ya Mama. Sikutaka kurundika zote siku moja kisha nisijue ni ipi iliyonisaidia.

Wiki ya kwanza ilikuwa kufagia. Mama hasemi na mtu asubuhi kabla hajafagia uwanja wake wote. Anasema hasira za jana hulala hapo chini. Mimi sina uwanja, nina korido ya ploti yenye milango minane. Kwa hivyo saa kumi na mbili kasoro nilikuwa nje na ufagio, kimya, nikifagia mlango hadi mlango. Siku ya tatu Mama Brayo wa mlango wa tano alifungua, mikono kiunoni.

"Kwani Mama Faith, unafagia kwa mlango yangu ukitafuta nini?"

Nilikuwa nimejiapiza kutosema kabla sijamaliza, kwa hivyo nilimwangalia tu nikaendelea. Ndipo mambo yakaharibika kabisa. Kufikia jioni ploti nzima ilikuwa na habari kwamba mwanamke wa Bondo anakusanya vumbi la nyayo za watu bila kutoa sauti. Ilibidi nimpelekee Mama Brayo chapati nne na maelezo marefu. Siku hizi naamka, nasema "habari ya asubuhi" kwa sauti mlango hadi mlango, ndipo nafagia. Sio kama Mama hasa, lakini naishi kwa amani.

Wiki ya pili, kutembea. Kutoka hapa hadi Kongo ni saa nzima na dakika kadhaa kwa mwendo wangu. Siku za kwanza magoti yalilalamika. Baadaye niligundua kwamba nikifika Ngong Road mawazo yote niliyoamka nayo yamekwisha kubishana, yamenyamaza. Hilo sikulitarajia.

Wiki ya tatu, simu. Mama hapokei simu ya mtu kabla hajanywa uji, hata ukipiga mara kumi. Mimi nilikuwa naamka nayo mkononi, nasoma ugomvi wa kikundi chetu cha akina mama kabla sijanawa uso. Nikaanza kuifungia kwenye ndoo ya unga hadi nimalize chai. Sijui kama kuna mtu mwingine Nairobi mwenye simu inayonuka ugali.

Wiki ya nne nilifika kwenye chumvi.

Hii haikuwa ya Mama, ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi niliyopewa zahanati: punguza chumvi. Mimi nikipunguza kitu nakifuta kabisa. Pakiti ya chumvi nikampa Mama Brayo. Siku mbili nilikula chakula kama mtu anayetafuna kadibodi, halafu nikakumbuka mboga za nyumbani. Mrenda, kunde, managu. Mama alitulea kwa hizo, na katika sufuria yake hatukuwa tunaulizia chumvi, kwa sababu kulikuwa na magadi. Unayayeyusha kwenye maji kidogo, unachuja, unamimina, na mrenda unalainika na kuteleza hadi unameza bila kutafuna. Nikapiga simu nyumbani, nikamwomba anitumie.

Mama akauliza, "Unataka mengi?" Nikasema mengi. Hakuuliza zaidi. Siku tatu baadaye nilienda kuchukua mzigo kituo cha basi: kopo zima.

Nilipika kwa mkono wa ukarimu. Mrenda kila siku, na nikatia pia kwenye kunde, kwenye maharagwe, kwenye githeri. Ndinda, ambaye tunashona naye kibandani, ni mtu wa Kitui, naye akasifu. Alisema kwao pia isyo, githeri yao ya mahindi na maharagwe, bila magadi ni mahindi ya kuku tu. Tukala pamoja wiki mbili, wanawake wawili wenye afya. Wiki ya tano nikaongeza kulala mapema na ya sita kunywa maji mengi, vyote kama Mama.

Niseme ukweli, nilikuwa najisikia vizuri. Nilikuwa nalala hadi asubuhi, kitu ambacho sikuwa nimefanya tangu mwaka jana. Mteja akirudisha sketi kwa mara ya tatu nilikuwa naipokea bila kuvuta pumzi ya hasira. Ndinda aligundua kabla yangu.

"Mama Faith, siku hizi hata mashine hauitukani. Kwani umeokoka mara ya pili?"

Daftari lilijaa. Dakika za kutembea niliandika, saa za kulala, mara ngapi nimegomba, glasi za maji. Kitu kimoja tu sikukiandika, kile nilichoambiwa nikipime. Kila wiki nilipita mbele ya zahanati ile, hatua ishirini kutoka njia yangu, na kila wiki nilikuwa na haraka. Mteja akija kwangu anataka nguo bila kupimwa, mimi ndiye wa kwanza kumcheka.

Ijumaa wiki sita zilikuwa zimekwisha na sikuwa na pa kujificha. Nilienda na daftari langu kwapani.

Mia moja sabini na mbili kwa mia moja na nne.

Daktari alinipumzisha dakika kumi, akapima tena. Hakubadilika yeye wala mashine. Hakunilaumu kwa kutorudi, ingawa alikuwa na haki. Aliniuliza tu ninavyoishi, nami nikamsomea daftari lote kwa majivuno, ukurasa hadi ukurasa, kama mwanafunzi anayedai alama zake. Nilipofika kwenye mboga aliacha kuandika.

"Magadi unaweka kiasi gani?"

Nikamwonyesha. Kijiko, siku nyingine kijiko na kichwa chake.

"Mama, magadi na chumvi ni ndugu. Umefukuza moja, ukaita ingine ikae na wewe kwa nyumba."

Akanieleza polepole kwamba ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha imo pia ndani ya magadi, na nyingi. Akasema kutembea na kulala vizuri ni mambo mazuri, nisiache, lakini kwa presha kama yangu peke yake hayatatosha, na pengine yasingetosha hata bila magadi. Nianze dawa leo.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilimwambia mama yangu amekula magadi tangu azaliwe, ana miaka sabini na miwili, na hajawahi kuonja kidonge. Nikamwambia yeye ni mtoto wa juzi. Watu kwenye benchi la nje waligeuza shingo.

Hakukasirika. Aliuliza swali moja.

"Umewahi muuliza?"

Nilichukua dawa, nikatumbukiza mfukoni bila kuangalia, nikatoka. Nilitembea hadi nyumbani kwa mwendo wa kugombana. Nilipofika nilipika mrenda na kutia magadi kijiko kilichojaa, makusudi, nikala sufuria nzima nikiwa nimesimama. Sijui nilikuwa namkomoa nani. Mwenye presha ni mimi.

Jana, Jumamosi, kazini, nilishona mfuko wa shati la mtoto mgongoni. Ndinda alilinyanyua akaligeuza huku na huku.

"Sasa huyu mtoto ataweka kalamu kwa mgongo?"

Nilicheka hadi nikashika meza, na katikati ya kicheko nikaanza kulia. Nikamwambia yote, Atieno, matanga, namba, dawa zilizo mfukoni. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa. Mume wangu hajui. Faith hajui. Ndinda alinipa kipande cha kitambaa cha kaptula nijifute, akasema kitu kimoja.

"Si upigie mamako simu. Kwani mnaogopana?"

Nilienda nyuma ya kibanda, penye mabaki ya vitambaa. Mimi na Mama huzungumza Kijaluo. Naandika kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza. Sikumsalimu sana. Niliuliza moja kwa moja kama amewahi kupimwa presha.

Nilisikia kuku wake.

Kisha akasema, "Nani amekuambia?"

Nilikaa chini juu ya gunia.

Mama anameza vidonge vya presha tangu mwaka uliofuata baada ya mazishi ya Atieno. Miaka minne. Kimoja kila siku, saa moja asubuhi, baada ya uji. Sasa najua kwa nini hapokei simu mapema. Nikienda nyumbani Krismasi, anavihamishia kwenye mkebe wa majani ya chai, na anaamka kabla yangu ili ameze nikiwa bado nimelala. Magadi aliacha siku ileile alipoanza dawa. Lile kopo alilonitumia alilinunua sokoni kwa ajili yangu, kwa sababu niliomba na alidhani nina wageni. Angejua nina presha asingetuma. Ningejua ana presha nisingeomba.

Nilimuuliza kwa nini alinificha. Aliniita nyara, binti yangu, kama anavyofanya anapotaka nisikilize.

"Nyara, ulisema atakayemeza asikuite ndugu. Nilikuwa nimeshazika mtoto mmoja. Sikutaka kumpoteza wa pili kwa sababu ya kidonge."

Nililia, na naye aliniacha nilie, hakunihimiza. Maneno yale niliyatoa kwa uchungu wa siku moja, na yeye ameyatii miaka minne, akitembea na mkebe wa chai ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mwizi. Nilimwomba msamaha. Akasema alishanisamehe siku hiyohiyo matangani, ila kusamehe hakukumpa ujasiri wa kuniambia.

Halafu nikamtajia namba zangu. Sikusikia kelele wala kilio. Alikohoa tu kidogo.

"Umemeza?"

"Bado."

"Kesho, saa moja. Nitakupigia."

Leo asubuhi nimefagia korido. Nimesalimia milango yote minane. Nimechemsha chai, nimetoa simu kwenye ndoo ya unga, nikaifuta, nikaiweka mezani kando ya pakiti. Saa moja kasoro dakika mbili ikalia. Mama hajawahi kunipigia simu saa hiyo tangu nimjue.

Aliniuliza kama nimekula kitu, kama maji yapo. Nikasema yapo. Akasema nimsubiri amalize uji. Nilimsubiri, nikisikia kijiko kikigonga kikombe. Kisha nikasikia kwake sauti ya kidonge kikitoboa karatasi yake, ile sauti ndogo, na mkono wangu ukafanya vilevile upande huu. Kidonge ni kidogo mno. Nilikiangalia nikamfikiria Atieno na vumbi juu ya kabati. Sote tulijua ana dawa, na hakuna aliyewahi kumuuliza asubuhi kama amemeza.

"Haya," Mama akasema.

Tukameza.

Hakuna kilichotokea, bila shaka. Mama alinywa maji yake hadi mwisho, nikayasikia yote, kisha akaniambia mvua kwao imekataa na mahindi yanaanza kujikunja. Tuliongea kuhusu mahindi dakika kumi.

Mchana nimepika mrenda bila magadi. Haukulainika, ilibidi niutafune kweli, na chumvi nilitia kwa ncha ya kidole, Mama Brayo akinipimia kutoka kwenye pakiti iliyokuwa yangu. Kopo la magadi sijalitupa. Nimeyatia kwenye sufuria iliyoungua wiki iliyopita, na kusema kweli yanasugua vizuri sana. Ijumaa ijayo narudi kupimwa, na ile nyingine pia. Daktari nina deni lake la samahani na nitampa mbele ya benchi lilelile. Mume wangu nitamwambia akija, Faith siku ya kumtembelea shuleni. Nimechoka na mikebe ya chai katika familia hii.

Daftari liko hapa mbele yangu. Nilidhani nitaandika kwamba jaribio limeshindwa, nikapiga mstari. Lakini nilisema nitaishi kama Mama, tabia moja kila wiki, na kumbe ilikuwa imebaki moja ambayo hakuwahi kunionyesha.

Wiki ya saba, nimeandika: kidonge, saa moja, baada ya chai. Kama Mama.

Kesho nitaiacha simu nje ya ndoo.